Wangapi? Swali la kuanzia kuhusu bahati katika biolojia

Mama na baba ni wazima, ila kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni ya selimundu. Mshauri wa afya anawaeleza kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni robo. Mtoto wao wa kwanza tayari anaumwa. Wanatazamana, wanapiga hesabu kimoyomoyo, wanashusha pumzi: kumbe watatu watakaofuata watakuwa salama.

Hapana. Wamekosea hesabu, na ni kosa linalowanasa hata wasomi. Robo ile haikuwa mgawo wa watoto wanne wa nyumba hii, kana kwamba kuna mtu ameshika daftari mahali na kuandika kuwa zamu ya ugonjwa imekwisha. Kila mimba huanza upya. Mbegu ya baba hubeba ama jeni nzima ama ile yenye hitilafu, yai la mama hali kadhalika (mtoto huugua akipata yenye hitilafu kutoka kwa wote wawili), na vyote viwili havina habari na mtoto aliyetangulia. Mtoto wa pili ana uwezekano wa robo. Wa tatu robo. Wa nne robo ileile.

Sasa chukua familia 1,000 zenye wazazi wa namna hii, kila moja ikiwa na watoto wanne. Kwa wastani, familia 316 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja. Familia 422 zitakuwa na mmoja, 211 wawili, 47 watatu, na 4 zitauguza watoto wote wanne. Ukiwajumlisha watoto wote 4,000, wagonjwa ni kama 1,000, yaani robo barabara. Lakini zaidi ya nusu ya familia zenyewe hazina uwiano huo wa mmoja kwa wanne. Robo inaonekana ukisimama mbali na kutazama kundi zima; ukibisha hodi nyumba moja moja, mara nyingi huikuti.

Nadhani vurugu nyingi kuhusu bahati katika biolojia hutokana na kuuliza swali lisilofaa. Tunauliza: je, jambo hili ni la bahati au ni la kanuni? Halafu tunagawanyika pande mbili na kubishana. Lipo swali fupi lenye faida zaidi: wangapi? Watoto wangapi, viumbe wangapi, seli ngapi, molekuli ngapi? Wakiwa wengi, kanuni hujitokeza yenyewe. Wakiwa wachache, bahati ndiyo hutawala, na kanuni ileile ikiwa bado inafanya kazi chini kwa chini.

Aliyelionja hili mapema ni Gregor Mendel, mtawa wa Brno, mji ulio katika Jamhuri ya Cheki ya leo, aliyechapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866. Sote tulikaririshwa darasani uwiano wake wa tatu kwa moja. Ambacho hatukuonyeshwa ni jinsi ulivyokuwa umejificha. Katika jaribio lake la kwanza alikuwa na mimea chotara 253, akavuna punje 7,324: za mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Tatu kwa moja kamili ingetoa punje 5,493 za mviringo, kwa hiyo alipungukiwa na 19 tu. Lakini Mendel alikuwa mtu mwaminifu kwa daftari lake, akaandika pia habari za mimea iliyopita kiasi. Mmea mmoja ulimpa punje 43 za mviringo na 2 tu zilizokunjamana. Mwingine ulimpa 14 za mviringo na 15 zilizokunjamana.

Hebu fikiria angepanda mmea mmoja, na uwe huo wa pili. Angeondoka akiamini uwiano ni nusu kwa nusu. Akiupata ule wa kwanza, angesema kukunjamana ni ajali ya nadra. Wote wawili walikuwa watoto wa kanuni moja.

(Kwa wanaopenda udaku wa kisayansi: mwaka 1936 mtakwimu R. A. Fisher alizipitia upya takwimu za Mendel akalalamika kwamba, zikichukuliwa kwa pamoja, ziko karibu mno na matarajio. Ubishi juu ya hilo umeendelea kwa miongo. Kwangu mimi jambo tamu ni lenyewe lile shtaka: matokeo yalitiliwa shaka kwa sababu hayakuwa na vurugu ya kutosha. Bahati halisi ina fujo yake, na fujo hiyo nayo hupimika.)

Hupimika hivi. Ukitarajia matukio 100 ya nasibu yasiyotegemeana, usishangae hesabu ikipanda au kushuka kwa 10 hivi. Ukitarajia 10,000, itayumba kwa 100. Ukitarajia 1,000,000, kwa 1,000. Kuyumba hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo kwa kadiri idadi inavyoongezeka, kuyumba huwa sehemu ndogo zaidi ya jumla: asilimia 10, kisha 1, kisha sehemu moja ya kumi ya asilimia. Ishike hesabu hii, tutaihitaji tena tukiingia ndani ya seli.

Kabla ya hapo kuna neno la kusafisha: nasibu. Wanabiolojia wakisema mabadiliko ya jeni hutokea kwa nasibu, msikilizaji husikia mambo mawili ambayo hayakusemwa. La kwanza, kwamba hayana chanzo. Vyanzo vipo: mionzi, kemikali, kosa la kunakili DNA seli inapogawanyika. La pili, kwamba kila sehemu ya DNA ina nafasi sawa ya kubadilika. Si kweli, zipo sehemu zinazobadilika kwa urahisi kuliko nyingine. Kilichosemwa ni kimoja tu: badiliko haliji kwa kuitikia haja ya kiumbe. Baridi haileti jeni ya manyoya mazito. Sumu haileti jeni ya kuhimili sumu.

Rahisi kusema, lakini utathibitishaje? Hadi miaka ya 1940 wataalamu wa bakteria walikuwa wamegawanyika. Ukimimina virusi vinavyoua bakteria kwenye sahani iliyojaa bakteria, karibu wote hufa, kisha wachache wanaibuka wakiwa sugu, na watoto wao wanarithi usugu. Je, virusi ndivyo vilivyowafundisha wale wachache kujikinga, au walikuwa sugu tangu kabla virusi havijafika? Kwa macho, sahani ni ileile.

Salvador Luria, Mtaliano aliyekimbilia Marekani, alipata jibu akiwa kwenye dansi ya walimu wa chuo kikuu huko Bloomington, Indiana, akimtazama mwenzake akilisha sarafu mashine ya kamari. Mashine ile ilikaa kimya, ikakaa kimya, kisha ikatapika rundo la sarafu kwa mpigo. Luria akaona kwamba tofauti ya nadharia mbili zile iko kwenye umbo la bahati yenyewe. Kama virusi ndivyo vinavyosababisha usugu, basi kila bakteria ana nafasi ndogo ileile siku ya kukutana navyo, na kila chupa itatoa idadi inayokaribiana na ya jirani yake. Lakini kama usugu huzuka wakati wowote bakteria wanapoongezeka, chupa ambayo badiliko lilitokea mapema itakuwa na ukoo mzima wa wajukuu na vitukuu sugu, na chupa ambayo halikutokea itakuwa tupu. Yaani kimya, kimya, kisha rundo.

Akishirikiana na Max Delbrück, mwanafizikia Mjerumani aliyegeukia biolojia, walichapisha matokeo mwaka 1943. Tazama jaribio moja. Chupa 20 ndogo, kila moja ikioteshwa peke yake kutoka kwa bakteria wachache. Idadi ya koloni sugu (vidoa vya bakteria, kila kimoja ukoo wa bakteria mmoja aliyenusurika) katika kila chupa ilikuwa hii: 1, 0, 3, 0, 0, 5, 0, 5, 0, 6, 107, 0, 0, 0, 1, 0, 0, 64, 0, 35. Kisha wakachukua sampuli 10 kutoka chupa moja kubwa: 14, 15, 13, 21, 15, 14, 26, 16, 20, 13.

Soma mistari hiyo miwili tena, kwa maana jibu lote limo humo. Mstari wa pili ndio unaotulia, kama mashine inayopima maziwa. Wa kwanza una masufuri 11, halafu ghafla 107. Wastani wa mistari yote miwili haukuachana mno, 11 na ushei kwa 17 hivi, na mtu aliyezoea kutazama wastani tu angepita bila kuona kitu. Ushahidi ulikuwa kwenye kutawanyika. Usugu ulikuwapo kabla ya virusi. Na ile 107 si mabadiliko 107. Yaelekea ni badiliko moja au mawili yaliyowahi kutokea chupa ikiwa bado na bakteria wachache, yakazaliana. Luria na Delbrück walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1969, pamoja na Alfred Hershey.

Badiliko zuri likishatokea, wengi hudhani kazi imekwisha: uteuzi asilia, yaani wenye sifa inayofaa kusalia na kuzaa kuliko wenzao, utalichukua na kulifikisha mbali. Hapa bahati ina zamu ya pili, isiyotajwa sana. J. B. S. Haldane, mwanabiolojia Mwingereza, alionyesha mwaka 1927 kwamba badiliko jipya linalompa mwenye nalo faida ya asilimia 1 katika kuzaa lina uwezekano wa kama asilimia 2 tu wa kuenea hadi kwa kundi zima. Mara 98 kati ya 100 hupotea. Sababu ni lile swali letu. Siku ya kwanza badiliko liko kwa kiumbe kimoja, na kiumbe kimoja kinaweza kuliwa, kuzama, au kukosa mwenzi, hata kiwe hodari namna gani. Likivuka siku hizo za uchache na kufika kwa mamia au maelfu, hapo ndipo faida yake inaanza kusomeka.

Na jeni isiyo na faida wala hasara? Hiyo huyumba tu. Peter Buri aliionyesha hali hii kwa uvumilivu wa ajabu katika kazi aliyoichapisha mwaka 1956. Alikuwa na makundi 107 ya inzi wa matunda, kila kundi katika chupa yake, madume 8 na majike 8, wote wakianza na nusu kwa nusu ya aina mbili za jeni ya rangi ya macho. Kila kizazi alichota kwa nasibu madume 8 na majike 8 wengine wawe wazazi. Hakuna aliyechagua macho haya au yale. Baada ya vizazi 19, makundi 30 yalikuwa yameipoteza kabisa aina moja, na mengine 28 yalikuwa yamebaki na hiyohiyo peke yake. Ukijumlisha inzi wa makundi yote, uwiano ulikuwa bado karibu nusu kwa nusu. Ni zile familia 1,000 tena: jumla imetulia, ndani ya kila chupa kuna historia yake. Mwaka 1968 Motoo Kimura alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko yanayolimbikizana katika DNA ya viumbe hutokana na kuyumba kwa namna hii, si uteuzi. Alibishiwa sana wakati huo. Leo ndipo mahali pa kuanzia hesabu za mageuzi ya molekuli.

Binadamu nao wamewahi kubanwa hadi kubaki chupa moja. Mnamo 1775 kimbunga kilipiga kisiwa kidogo cha Pingelap, katika Mikronesia, wakasalia watu kama 20. Mmoja wao, anayedhaniwa kuwa chifu, alikuwa amebeba jeni inayosababisha upofu kamili wa rangi, hali ambayo mtu huona kijivu na mwanga mkali humuumiza macho. Kwingineko hali hiyo ni ya nadra mno, humpata mtu mmoja katika makumi ya maelfu. Kwa wenyeji wa Pingelap humpata takriban mmoja kati ya kila 10 hadi 20. Kimbunga hakikuangalia jeni za mtu. Watu walikuwa wachache, basi.

Tushuke sasa hadi ndani ya seli, maana huko uchache ni wa kutisha zaidi. Mwaka 1827 Robert Brown aliona chembe ndogo zilizotoka katika chavua zikitetemeka majini bila kukoma, na mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kwa hesabu kwamba ni molekuli za maji zinazozigonga kila upande. Ndani ya seli kila kitu kinaishi katika msukosuko huo. Protini haiendi kwenye jeni yake kama mtu anayekwenda kazini; inagongwagongwa mpaka ikutane nayo. Bakteria aitwaye E. coli ana protini inayofunga jeni za kutumia laktosi (sukari ya maziwa), na nakala zake katika seli nzima ni kama kumi hivi. Rudi kwenye kipeuo cha pili: kumi huyumba kwa tatu, yaani karibu theluthi. Seli moja ina saba, jirani yake kumi na tatu, na hawa ni mapacha wa DNA moja, chakula kimoja, joto moja.

Mwaka 2002 Michael Elowitz na wenzake waliifanya tofauti hiyo ionekane. Waliingiza katika E. coli jeni mbili za protini zinazong'aa kwa rangi tofauti, zote zikiongozwa na swichi ya aina moja. Kama seli ingekuwa mashine yenye nidhamu, rangi mbili zingekuwa sawasawa katika kila bakteria. Darubini iliwaonyesha kundi la madoadoa: huyu kaelemea rangi hii, yule ile, wengine katikati. Hata ndani ya seli moja, swichi mbili zinazofanana hazikukubaliana.

Mtu angedhani uhai umetumia miaka yote hii kupambana na fujo hiyo, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Seli ina mbinu nyingi za kusahihisha nakala na kudhibiti viwango. Lakini mahali pengine imeiacha fujo ifanye kazi. Mwaka 1944, penisilini ikiwa bado mpya, Joseph Bigger aliona kwamba dawa huwaua karibu bakteria wote wa aina ya stafilokoka lakini kuna wachache sana wasiokufa. Ungedhani ni wasugu kama wale wa Luria. Alipowaotesha upya na kuwapa dawa tena, watoto wao walikufa vilevile kama kundi la kwanza. Hawakuwa na jeni tofauti. Mwaka 2004 timu ya Nathalie Balaban iliwafuata bakteria mmoja mmoja chini ya darubini ikaona kwamba wanaonusurika huwa wamekwisha kupunguza mwendo wa kukua kabla dawa haijamiminwa. Walikuwa wamesinzia kwa bahati, na penisilini huwaua wanaojenga kuta mpya, si waliosinzia. Kusinzia wakati chakula kipo ni hasara. Hata hivyo ukoo ambao daima una wachache waliosinzia haufagiwi kwa siku moja.

Mwili wetu hucheza mchezo unaokaribiana na huo kwa makusudi kabisa. Seli zinazotengeneza kingamwili, protini zinazonasa vijidudu, hukata vipande vya DNA yao na kuviunga kwa nasibu, kila seli mpangilio wake, jambo lililomletea Susumu Tonegawa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Kwa njia hiyo mwili huwa na funguo za kufuli ambazo hazijaundwa bado. Funguo nyingi hazitafungua chochote, na zinazodhuru mwili wenyewe huondolewa.

Nimemwacha paka mwishoni kwa sababu ndiye anayeunganisha mengi ya haya, naye anaonekana bila darubini. Paka jike mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa ana kromosomu X (moja ya nyuzi zinazobeba jeni) mbili: moja ina jeni ya chungwa, nyingine haina. Mwaka 1961 Mary Lyon alieleza kwamba kila seli ya mamalia jike huzima X moja mapema tumboni, ikichagua kwa nasibu, na seli zote zinazozaliwa kutoka kwake huendelea na uamuzi huohuo. Kiinitete wakati huo kina seli chache. Kura ya seli moja inakuwa baka zima mgongoni, kama vile badiliko moja la mapema lilivyokuwa koloni 107 katika chupa ya Luria.

Tarehe 22 Desemba 2001, huko Texas, alizaliwa CC, paka wa kwanza kuzalishwa kwa kunakili mwingine. Aliyenakiliwa, Rainbow, alikuwa na mabaka meusi, meupe na ya chungwa. CC akatoka na michirizi ya kahawia na weupe, bila unywele hata mmoja wa chungwa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba seli moja iliyochukuliwa kwa Rainbow ilikuwa imekwisha kuizima ile X yenye chungwa, na kuzimwa huko hakukufutwa. Jeni ya chungwa CC alikuwa nayo, katika kila seli ya mwili wake. Ilikuwa imefungwa tu.